Wimbo ukikujia usiku, utaunasa kwa chombo gani?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kama yalivyosomwa, kwa faida ya wale waliokosa kusikiliza.)

Ndugu msikilizaji, juma hili nilikusudia kuendelea na ile mada yetu ya bendi za harusi, lakini ujumbe mmoja uliofika kwenye simu ya kipindi umenifanya niiweke kando. Aliyeuandika ni mwalimu wa kwaya huko Ifakara. Anasema ametunga nyimbo tangu mwaka 1998, na kwa hesabu yake nusu ya nyimbo hizo zimepotea. Hazikuibwa. Zimepotea kwa njia ambayo kila mtunzi anaifahamu: zilimjia akiwa shambani, au juu ya baiskeli, au usiku wa manane, akaziimba mara mbili tatu, akajiambia kesho nitaziandika, na kesho ilipofika akakuta amebakiwa na neno moja na mahadhi yanayofanana na wimbo wa mtu mwingine.

Sasa mwalimu huyu ameuza mpunga, ametenga shilingi 450,000, na kijana mmoja wa dukani hapa Dar es Salaam amemshauri anunue kile alichokiita seti ya studio. Ndani ya seti hiyo kuna maikrofoni ya kondensa na stendi yake, kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, na hedifoni kubwa za kufunika masikio yote. "Kaka mtangazaji," ameniuliza, "ninunue au nisinunue?"

Nilimpigia simu kabla ya kujibu. Nilimwuliza maswali matatu. Je, una kompyuta? Hana, iliyopo ni ya shule. Umeme je? Upo, ila hukatika. Na nyimbo hukujia ukiwa wapi? Hapo akacheka. "Shambani, kaka. Nyumbani wako watoto."

Basi jibu langu ni kwamba asinunue. Lakini jibu la neno moja halimsaidii mtu, hasa mtu aliyekwisha kuzihesabu fedha zake, na kwa hiyo leo nitaeleza sababu, maana najua yeye si wa peke yake. Kila juma wapo vijana wanaopanda ngazi za maduka ya Kariakoo na fedha za mavuno au za mchezo wa upatu, wakashuka na maboksi ambayo baada ya miezi sita yamegeuka stuli ya kukalia.

Kwanza nikiri kosa langu mwenyewe. Mjomba wangu, aliyeishi Ngamiani, Tanga, alikuwa akipiga gitaa la ridhimu, na nyumbani alikuwa na gitaa kavu, lile tuliloliita galatone. Alikuwa na redio kaseti moja kubwa ya kubebea mkononi na kaseti moja ya dakika 60, nusu saa kila upande, ambayo ndiyo ilikuwa daftari lake. Wimbo ukimjia alibonyeza vidude viwili kwa pamoja, kile chekundu na kile cha kupigia, akaimba ubeti mmoja na kiitikio, akazima. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati. Wale wenye umri wangu wanajua kilichotokea: betri dhaifu huzungusha utepe polepole wakati wa kunasa, halafu ukiweka betri mpya na kusikiliza, utepe unakwenda kwa mwendo wake wa kawaida, na sauti inatoka nyembamba na ya haraka. Nusu ya nyimbo za mjomba zilisikika kana kwamba zimeimbwa na mtoto wa darasa la tatu.

Novemba 1993 Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF hapa Dar es Salaam na Stella Adjamé ya Abidjan, baada ya kutoka suluhu huko kwao. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilitaka kuinasa sauti ya mtangazaji. Kaseti iliyokuwamo ndani ya redio ilikuwa ile ya mjomba. Simba ikafungwa mabao mawili kwa bila, na nusu saa ya nyimbo ikafutika ili mimi nibaki na kelele za uwanja zenye majonzi. Mjomba alisikiliza upande mzima bila kusema neno. Kisha akaniita, "Mjomba," kama wajomba wanavyowaita wapwa zao, "na hata bao moja hamkupata?"

Nyuma ya kila kaseti palikuwa na vijino viwili vidogo vya plastiki. Ukikivunja kimoja, upande ule haunasiki tena. Ukitaka kunasa upya, unaziba tundu kwa kipande cha selotepu. Hakuna aliyetuambia. Mjomba alifariki mwaka 2003. Nyimbo zile aliwahi kujaribu kuzikumbuka, akapata tatu. Ndiyo maana mwalimu wa Ifakara aliponiambia kuwa nusu zimepotea, sikuweza kumjibu kwa mzaha.

Sasa tuingie kwenye mada yenyewe. Kunasa wazo la wimbo ni kazi moja, na kurekodi wimbo ni kazi nyingine, na vyombo vyake havifanani, kama vile daftari la mwandishi wa habari lisivyofanana na mtambo wa kupiga chapa gazeti. Kinachotakiwa kwenye kurekodi wimbo ni usafi wa sauti, utulivu wa chumba na fundi anayejua kazi. Kinachotakiwa kwenye kunasa wazo ni chombo kuwa karibu nawe, kuwa na chaji, na kuanza kazi kabla wazo halijakimbia. Anayechanganya mambo haya mawili hununua chombo cha kazi ya pili akitarajia kifanye kazi ya kwanza, halafu hashiki chombo wala wimbo.

Kwa miaka mingi watunzi wetu hawakuwa na hiari. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja ilibidi avuke bahari hadi Bombay ili sauti yake itiwe kwenye santuri. Baadaye bendi zetu zilingoja zamu kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, ambako wanamuziki walipiga wote kwa pamoja na fundi mitambo akawanasa kwenye utepe. Nyimbo zilizofika kwenye tepu zile tunazo hadi leo. Lakini kati ya kichwa cha mtunzi na mlango wa studio ilikuwapo safari ya wiki, miezi, hata miaka, na yaliyodondoka njiani hayana maktaba.

Hata wakubwa wa dunia wanalijua jambo hili. Keith Richards, mpiga gitaa wa Rolling Stones, ameeleza kwenye kitabu cha maisha yake jinsi alivyokuwa akilala na kinasa sauti kidogo cha kaseti kando ya kitanda. Asubuhi moja alikuta kaseti imekwenda hadi mwisho, na yeye hakumbuki kitu. Aliporudisha nyuma alisikia gitaa kavu likipiga vile vijisauti vichache ambavyo vikawa uti wa mgongo wa wimbo wao wa mwaka 1965, "(I Can't Get No) Satisfaction", na baada ya hapo akajisikia mwenyewe akikoroma kwa muda mrefu. Kilichomfaa siku hiyo hakikuwa ubora wa chombo. Chombo kilikuwa kando ya kitanda na kaseti imo ndani.

Kwa hiyo jaribio langu la chombo cha mtunzi ni hili. Kiweke mahali pake pa kila siku, mfukoni, kwenye mkoba au chini ya mto. Jifanye wimbo umekujia sasa hivi. Anza kuhesabu. Ukifika kumi hujaanza kunasa, chombo hicho hakifai kwa kazi hii, hata kama kimegharimu milioni. Seti ya studio, hata mbele ya mtu mwenye kompyuta, haiwezi kushinda jaribio hili. Kuwasha kompyuta, kuchomeka kisanduku, kufungua programu, kurekebisha kiwango cha sauti: mpaka hapo umekwisha kuhesabu mia tatu, na watoto wameamka. Aidha, maikrofoni ya kondensa ya studio kwa kawaida haifanyi kazi bila kulishwa umeme wa volti 48 kutoka kwenye kisanduku chake, na ina sikio kali mno; itanasa jogoo wa jirani, mashine ya kusaga, na mvua juu ya bati kwa uaminifu uleule inaokunasa wewe.

Chombo kinachoshinda jaribio, kwa wengi wetu, tayari kimo mfukoni, nacho ni simu. Simu janja zina sehemu ya kurekodi sauti, na hata baadhi ya vitochi vinayo. Unachotakiwa ni kuitoa sehemu hiyo huko ilikojificha na kuiweka kwenye uso wa kwanza wa simu, ili kidole kiipate gizani. Mwalimu wetu ana simu yenye kioo kilichopasuka, na alidhani kwa hilo haifai. Maikrofoni haijali kioo.

Ila simu inahitaji kueleweka. Hii ni kazi ambayo sisi wa redio tumelipwa kuifanya kwa miaka, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu kidogo.

Kitu cha kwanza ni umbali. Sauti ikisafiri mara mbili ya umbali, nguvu yake hubaki robo tu, lakini kelele za chumba, ambazo zinatoka kila upande, hubaki palepale. Ndiyo maana mtu akiweka simu juu ya kabati na kuimba akiwa kitandani hupata wimbo uliozama ndani ya kisima. Mwandishi wa habari mwenye chombo duni kilicho shibiri moja kutoka mdomoni mwa waziri atarudi na sauti nzuri kuliko mwenye chombo cha bei mbaya aliyesimama mlangoni. Kwa sauti tupu, shibiri moja hadi mbili zinatosha. Usiielekeze simu mdomoni moja kwa moja, bali iweke pembeni kidogo, kwani pumzi ya herufi P na B hupiga maikrofoni kama kofi. Ukiwa na gitaa, iweke mbele yako, usawa wa kifua, kama nusu mita, na uielekeze zaidi mdomoni, maana maneno yakipotea hayarudi, lakini gitaa utalikumbuka.

Tundu la maikrofoni kwa kawaida liko chini ya simu, karibu na pa kuchomeka chaja. Wengi hulikamata kwa kiganja, au kasha la simu limeliziba, au vumbi limejaa. Litazame leo. Usiilaze simu juu ya meza tupu unayoipiga kwa kidole kuhesabu mapigo. Weka khanga iliyokunjwa chini yake, la sivyo utasikia meza kuliko wimbo. Nayo chumba iwe ile yenye godoro na nguo zilizotundikwa, kwa kuwa vitambaa hunywa mwangwi. Sebule yenye sakafu ya vigae inapendeza kwa wageni tu.

Kitu cha pili ni tabia ya simu yenyewe. Simu ilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, na baadhi ya simu hujaribu kukusaidia bila kuombwa. Ukinyamaza zinapandisha sauti, ukiimba kwa nguvu zinashusha, na kitu kinachoendelea kulia bila kubadilika zinadhani ni kelele ya feni na kukifuta. Uzi wa gitaa unaolia kwa muda mrefu unaweza kupatwa na adhabu hiyo. Jaribu hivi: piga uzi mmoja, uache ulie mpaka ukome wenyewe, kisha sikiliza. Ukisikia unazama na kuibuka kama mtu anayeogelea, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuzima uondoaji wa kelele, au jaribu programu nyingine ya kurekodi. Zipo nyingi zisizolipiwa.

Halafu usiihukumu rekodi kwa spika ya simu. Uzi mnene wa gitaa hutikisika kama mara 82 kwa sekunde, na kispika kile kidogo hakina kifua cha kutoa sauti nzito hivyo. Sikiliza kwa visikizio vya waya. Mara nyingi utakuta besi uliyodhani haikunaswa imo.

Na kabla ya kuanza, kama una sekunde mbili za ziada, zima mtandao wa simu. Nimewahi kusikiliza ubeti mzuri wa tenzi ukakatwa katikati na shemeji aliyekuwa anaomba vocha.

Sasa, je, ipo siku ya kununua kitu? Ipo. Nitataja viwili.

Cha kwanza ni maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, ile inayochomekwa kwenye simu kwa waya. Hizi ambazo si za kampuni kubwa, kwa maduka niliyopita, unaipata chini ya shilingi elfu hamsini. Faida yake si kwamba ni nzuri sana, bali inakaa karibu na mdomo mikono yako ikiwa kwenye gitaa au kinanda. Angalia plagi. Simu nyingi za siku hizi hazina tena lile tundu la mviringo la visikizio, na utahitaji kiunganishi. Nenda dukani na simu yako, nasa dakika moja palepale, sikiliza, ndipo ulipe. Muuzaji akikataa, mwache na mali yake.

Cha pili ni kinasa sauti kidogo cha mkononi, chenye maikrofoni zake mbili kichwani, kama vile Zoom H1 iliyotoka mwaka 2010 na ndugu zake waliofuata, au Tascam DR-05. Hivi kwa bei za kimataifa huzunguka dola 100 hivi, na kwetu, pamoja na kodi na faida ya muuzaji, hesabu kutoka shilingi laki mbili na nusu kwenda juu. Vinatumia betri ndogo za kawaida na memori kadi. Havikusaidii kwa kukufuta-futa sauti. Kiwango unakiweka mwenyewe. Mtu anayetaka kunasa ngoma ya kijijini, au kwaya nzima ya watu ishirini, au bibi yake akiimba nyimbo za unyago ambazo hakuna mwingine anayezijua, kwangu mimi fedha yake ikiishia hapa haijapotea. Lakini ona kwamba hapo tumekwisha kutoka kwenye kunasa wazo na kuingia kwenye kazi nyingine.

Juu ya memori kadi nitoe tahadhari. Sokoni zimejaa kadi zilizoandikwa ukubwa ambao hazina. Inakubali kila unachoingiza, kisha faili zinafunguka zikiwa tupu. Kadi mpya ijaze nyimbo mpaka pomoni, halafu fungua zile zilizoingia mwisho. Kadi ya kweli ya gigabaiti 32 huchukua kama saa hamsini za sauti ya ubora wa sidii, ile isiyobanwa, ambayo hula takriban megabaiti 10 kwa dakika. Ukibana kwa mtindo wa MP3 wa kawaida, dakika moja ni kama megabaiti moja tu. Kwa wazo la wimbo MP3 inatosha. Hata hivyo, kama nafasi ipo, mimi hunasa bila kubana, na sababu yake ni mkasa ufuatao.

Januari 1982, Bruce Springsteen wa Marekani, ambaye wakati huo alikuwa tayari tajiri na mwenye bendi kamili, aliketi chumbani kwake katika jimbo la New Jersey akiwa na chombo cha TEAC kilichoitwa Portastudio. Kilikuwa kinatumia kaseti za kawaida kama za mjomba wangu, ila kiligawa utepe katika mistari minne, ili mtu aimbe kwenye mmoja, apige gitaa kwenye mwingine, halafu aongeze. Alikuwa na maikrofoni mbili za Shure SM57, ambazo si ghali wala si za kujivunia. Nia yake ilikuwa kuwaonyesha wenzake nyimbo mpya. Kaseti ile akawa anatembea nayo mfukoni bila kasha. Bendi ilipoingia studio kuzirekodi upya, kila walivyozipamba ndivyo zilivyokufa. Mwisho wake walichukua kaseti ileile ya mfukoni, mafundi wakahangaika kuihamishia kwenye santuri, na Septemba mwaka huo ikatoka kama albamu iitwayo "Nebraska".

Sisemi kila anayeimba chumbani atapata ya Springsteen. Nasema kwamba mistari ile minne leo imo kwenye simu. Ipo programu ya BandLab, kwa mfano, isiyolipiwa, inayokuruhusu kuimba sauti ya kwanza, kuisikiliza huku ukiimba ya pili, kisha ya tatu na ya nne. Mwalimu wa kwaya akinisikiliza hapa ndipo akae wima, kwa sababu tatizo lake kubwa, alivyoniambia, ni kwamba wimbo unapomjia hauji na sauti moja. Unakuja na besi yake na wenzake wote, na akifika kwenye mazoezi amekumbuka soprano tu. Tumia visikizio vya waya kwa kazi hiyo. Vile visivyo na waya huchelewesha sauti kwa sehemu ndogo ya sekunde, inayotosha kabisa kukufanya uimbe nyuma ya mwenzako, na mwenzako ni wewe.

Kanuni ndogo za unasaji zipo, nami nitazipitia haraka. Anza kwa kusema tarehe na neno moja la kuutambulisha wimbo, kwani faili iliyoandikwa namba tupu ni sawa na barua isiyo na anwani. Piga pigo kwa mguu au kiganja, hata kama huna ngoma. Mahadhi bila mapigo, baada ya wiki mbili hujui wimbo ulikuwa wa mwendo gani. Maneno yasipokuwapo, imba "la la la", usiyasubiri. Na usifute. Wazo baya la Jumatatu mara nyingi ndilo daraja la wimbo wa Alhamisi, na mimi, ndugu msikilizaji, nina sababu zangu za kuogopa kufuta.

Kwa sababu hizohizo nasisitiza nakala. Simu huibwa, huanguka kwenye ndoo, hubadilishwa. Kila mwisho wa juma hamisha sauti zako kwenye kadi inayokaa ndani, na nakala nyingine mpe mtu au jitumie kwa barua pepe. Ukiituma kwa WhatsApp, usiicheze na kuinasa upya kama ujumbe wa sauti. Iambatishe kama dokumenti, ili isibanwe tena. Tangu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya mtunzi inalindwa tangu inapobuniwa. Rekodi yenye tarehe haikufanyi kuwa mmiliki, lakini siku ya ubishi inaweza kukupa cha kuonyesha.

Narudi Ifakara. Mwalimu, katika zile shilingi 450,000, nunua visikizio vya waya, kadi ya kweli, na betri ya akiba ya kuchajia simu umeme ukikatika. Ongeza maikrofoni ya kola kama plagi inakubali. Kwa hesabu yangu hutavuka laki moja na nusu. Zilizobaki zifunge kwenye kitambaa. Baada ya miezi sita utakuwa na nyimbo kumi au ishirini zilizonaswa. Chagua moja, ile ambayo kwaya yako yenyewe inaidai, uilipie siku moja studio kwa fundi. Kisanduku na kondensa viache viendelee kukaa dukani.

Nilimwambia haya kwenye simu siku ya Jumatano, nikamwomba anijaribie na simu aliyonayo, bila kununua chochote. Ijumaa alfajiri nimepata faili, imeambatishwa kama dokumenti kama nilivyomwelekeza. Ni dakika moja na sekunde arobaini. Anaanza kwa kutaja tarehe. Kuna upepo kidogo, kuna jogoo anayewika mara mbili, na mahali fulani mtoto anauliza kama uji umeiva. Kiitikio kinasikika neno kwa neno, na mguu wake unapiga.